Umesoma Vitabu Vingapi?



Kimya kimekuwa kirefu kidogo, nadhani hii ni wiki ya tatu. Kazi ya uripota haina huruma. Ukitoka mahakamani unatumwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari, ukitoka huko mhariri anakuuliza ile habari ya maji imeishia wapi. Lakini safari hii nimepata siku nne za mapumziko, nimeshuka Mombo, nikapanda mlima kupitia Soni, na sasa niko nyumbani Kwai. Kuna baridi, kuna ukungu, kuna chai ya rangi yenye tangawizi, na hakuna mhariri. Basi nimeona niandike ile mada ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza tangu mwanzo wa mwaka: kwa nini naandika orodha ya vitabu ninavyosoma, na kwa nini navipa alama kama msahihishaji wa mitihani.

Nianze na namna ninavyofanya. Nina kaunta buku moja nene ambalo nililinunua mwaka wa kwanza chuo kikuu kwa ajili ya somo fulani nisilolikumbuka. Somo likaisha, kurasa zikabaki. Nikalichora mistari minne: tarehe niliyomaliza kitabu, jina la kitabu na mwandishi, nilivyokipata (nimenunua, nimeazima, maktaba, zawadi), halafu alama. Kitabu nilichokiacha njiani nacho nakiandika, ila badala ya alama naweka namba ya ukurasa niliokomea. Mpaka leo asubuhi orodha ina vitabu 231. Ndiyo, najua, wapo wenzetu wanaosoma 100 kwa mwaka. Wabarikiwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka analijua hilo, mama wa vikoba analijua, hata dalali wa viazi pale Kariakoo, ambaye hajawahi kuliona shamba lako, ana daftari. Sasa mimi nauliza: kama gunia la viazi linaandikwa, kwa nini kitabu kilichokunyima usingizi siku tatu kipotee bila habari?

Na wala jambo hili si la kwangu peke yangu. Charles Darwin, yule yule wa nadharia ya mageuzi, aliweka madaftari ya vitabu alivyosoma na alivyotaka kusoma, kuanzia mwaka 1838 hadi 1860. Mwimbaji wa Marekani, Art Garfunkel, amekuwa akiandika kila kitabu anachomaliza tangu Juni 1968, na orodha yake imepita vitabu 1,000. Siku hizi kuna mtandao wa Goodreads, ulioanza kazi Januari 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, ambako mamilioni ya watu wanaandika walichosoma na kukipa nyota moja hadi tano.

Hata hapa Kwai madaftari yana historia. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walifungua huku shamba la majaribio ya kilimo na mifugo, kabla hawajaanzisha taasisi yao kubwa ya utafiti kule Amani mwaka 1902. Shamba la majaribio haliendi bila maandishi. Lazima uandike umepanda nini, lini, kimeota au kimekufa. Bila hivyo utapanda mbegu ile ile mbovu kila mwaka huku ukimlaumu Mungu kwa mvua. Mimi orodha yangu naiona hivyo. Nikiitazama najua ni miezi gani nilisoma kama mwendawazimu na ni miezi gani sikugusa kitabu. Miezi ya uchaguzi, kwa mfano, ni jangwa tupu.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapo ndipo penye ugomvi.

Nilipoanza nilitumia mfumo ambao kila Mtanzania aliyepita shule anaujua, yaani A, B, C, D na F. Kwa Baraza la Mitihani, kidato cha nne, A inaanzia 75 na chini ya 30 ni F. Niliuchagua kwa sababu hauhitaji maelezo. Ukimwambia mtu kitabu fulani ni D, anaelewa hapo hapo kwamba kimepita kwa kusukumwa. Ukimwambia nyota mbili, anaanza kukuuliza mbili kati ya ngapi.

Lakini kila aliyesoma nchi hii anajua pia kwamba alama hazishuki kutoka mbinguni. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012? Yalitangazwa mwanzoni mwa 2013, yakawa maafa, serikali ikaagiza yafutwe na yapangwe upya. Watoto wale wale, majibu yale yale, karatasi zile zile, na wapo waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu. Mimi nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka jirani yetu mmoja hapa kijijini alivyochinja jogoo kwa kitu ambacho miezi michache kabla kilimliza. Tangu hapo nimekuwa na heshima kwa alama, ila sizisujudii.

Chukua mfano wa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Niliisoma mara ya kwanza sekondari. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitano, naisoma kwa sababu imo kwenye mtihani, natafuta dhamira na mbinu za kisanaa za kujaza karatasi. Orodha yangu haikuwepo wakati ule, lakini nilipoianzisha niliviingiza na vitabu vya shule kwa kumbukumbu, na Kusadikika ikapata C. Nikaisoma tena miaka tisa baadaye. Wakati huo nilikuwa tayari ripota, nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama miezi mingi, nimeshuhudia watu wakisomewa mashtaka ambayo wao wenyewe hawayaelewi. Nikamkuta Karama amesimama kizimbani mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na Majivuno anamshtaki kwa maneno matamu. Nikamkuta akijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi wakafungwa. Sikulala. Nikaandika A.

Sasa ipi ndiyo alama ya Kusadikika? Mimi nasema zote mbili ni za kweli. C ni alama ya yule mtoto na mtihani wake, A ni alama ya ripota na mahakama yake. Ndiyo maana sifuti. Kitabu nikikirudia nakiandika upya, tarehe mpya, alama mpya. Orodha ikikaa miaka mingi inaanza kukuonyesha wewe mwenyewe ulikuwa nani.

Kuna tatizo la pili. Utampimaje Willy Gamba wa Elvis Musiba kwa mizani ile ile unayompimia Kezilahabi? Kufa na Kupona niliimaliza kwenye basi, kutoka Ubungo mpaka Mombo, abiria wa pembeni akisoma juu ya bega langu na kuniomba nisifungue ukurasa mpaka amalize. Kichwamaji ilinichukua majuma mawili na ikaniacha na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu. Zote mbili zilitoka mwaka 1974. Ukiniuliza ipi bora nitakuuliza bora kwa kazi gani. Panga lina makali na sindano ina makali, lakini hakuna anayepeleka panga kwa fundi cherehani. Kwa hiyo siku hizi, pembeni ya alama, naandika neno moja au mawili: "A, safari." "A, usiku." "C, ila mwisho wake!" Neno hilo moja limenisaidia kuliko herufi.

Tukirudi kwenye nyota za mitandaoni, pale nina mashaka zaidi. Wakulima wa huku wanaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kilemba juu, linashonwa, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Serikali imepiga kelele dhidi ya lumbesa miaka nenda rudi kwa sababu inaharibu maana ya neno gunia. Nyota nazo zimekuwa hivyo. Kwa maelezo ya Goodreads wenyewe, nyota mbili maana yake kitabu ni cha wastani, tatu maana yake umekipenda. Lakini mpe mwandishi nyota tatu uone atakavyonuna. Kila mtu anataka tano, na tano ikishatolewa kwa kila kitu haipimi kitu.

Upande wa pili kuna wanaotoa nyota moja kama kurusha jiwe. Mwezi Juni 2023 mwandishi wa Marekani, Elizabeth Gilbert, alitangaza riwaya yake mpya ambayo mandhari yake ni Urusi. Ndani ya siku chache mamia ya watu wakaipa nyota moja moja kwa hasira ya vita vya Ukraine. Kitabu chenyewe kilikuwa hakijatoka! Hakuna aliyekuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Mwandishi akaahirisha kukitoa. Tazama sasa alama zilivyogeuka. Zilianza kama kumbukumbu ya msomaji, zikaishia kuwa kura ya watu ambao hawakusoma.

Na sisi huku kwetu je? Kwetu ugonjwa ni mwingine, sisi tunaumwa sifa. Nimeripoti uzinduzi wa vitabu mara nyingi, hebu niwape siri ya jikoni. Habari yenyewe huwa imeshaandikika kabla hujafika ukumbini. Mgeni rasmi amewataka Watanzania kujenga utamaduni wa kujisomea. Mwandishi amewashukuru wazazi wake. Picha ya utepe, picha ya keki. Kitabu ni kizuri na kinafaa kusomwa na watu wa rika zote. Ukitoka hapo mtafute mtu mmoja, mmoja tu, anayejua kilichomo ukurasa wa arobaini. Mgeni rasmi ameshaondoka, na nakala aliyopewa bure ameisahau mezani pamoja na chupa ya maji.

Mwaka juzi nilisoma riwaya ya mwandishi mmoja chipukizi, aliyeichapisha kwa fedha zake na kuiuza mkononi, kitabu kimoja kimoja. Nikaiandikia hapa hapa maoni, na chini nikaweka alama niliyoiweka kwenye daftari langu: D. Siku ya pili simu ikalia. Alikuwa yeye. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimeuza pikipiki kuchapa kitabu kile. Wewe umekaa na bando lako umeniandikia herufi moja."

Nikanyamaza kidogo. Lile la pikipiki liliniingia, sidanganyi. Mtu huyu hana mchapishaji, hana matangazo, nakala zake hazifiki 500. Je, ni haki kumpima kwa mizani ile ile ya mwandishi mwenye kampuni kubwa nyuma yake? Rafiki yangu mmoja, ripota wa michezo, alisema hapana: chipukizi apewe alama za huruma mpaka akue. Mimi nimelifikiri sana hilo na bado siliafiki. Alama ya huruma ni dharau iliyopakwa asali. Maana yake unamwambia mtu kwamba hukutegemea zaidi kutoka kwake, na hutegemei. Msomaji naye aliyetoa shilingi 10,000 yake kwa sababu ya sifa zako, akakuta kitabu hakisomeki, mara nyingine hatanunua cha Kiswahili tena. Umemsaidia nani hapo?

Nikamwambia, "Kaka, sawa, tuiache ile herufi. Lakini shangazi wa binti amezikwa sura ya nne, na sura ya saba anapokea simu." Kimya. Halafu akauliza, "Ukurasa wa ngapi?" Nikamtajia. Nikasikia droo inafunguliwa, nadhani alikuwa anatafuta kalamu. Nikamtajia mengine mawili. Hakunishukuru, akakata simu.

Kutokana na simu ile nimejiwekea utaratibu. Herufi zinabaki kwenye kaunta buku, ni kumbukumbu zangu binafsi, hazimhusu mtu. Kinachotoka hadharani ni sababu, na sababu iwe na namba ya ukurasa. Mwandishi hawezi kuishi na D, lakini anaweza kuishi na ukurasa wa 112. Msomaji naye akipewa sababu anaweza kukataa, akasema hilo linalokuudhi wewe ndilo ninalolipenda mimi. Herufi huwezi kubishana nayo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote nikiwa huku na si Dar es Salaam.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha vijiji vya huku mpaka akastaafu. Alikuwa na sanduku la bati, lile la kwenda nalo bweni, limejaa vitabu. Alipofariki tuliyahesabu yaliyomo: vitabu 38. Kulikuwa na Shaaban Robert kadhaa, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, vitabu vya ufugaji nyuki, na Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, ile iliyochapwa na wamisionari kwa sehemu kati ya 1895 na 1907, ikachapwa tena 1962. Hicho cha mwisho kilikuwa kimechakaa kuliko vyote. Kwa Msambaa kitabu kile hakipimiki kirahisi. Wewe mgeni utasema ni historia au ni hadithi ya Mbega mwindaji aliyekuja kuwa mfalme. Huku watu wanakisoma kama hati ya kiwanja, wanatafuta ukoo wao umeandikwaje, na wasipouona wanamlaumu mwandishi kwamba alisikiliza upande wa Wakilindi tu. Utampa alama gani mtu aliyeandika habari za babu yako wa saba?

Babu hakuwa na orodha ya alivyosoma, wala hakutoa alama. Lakini ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu kulikuwa na mwandiko wake mdogo wa penseli: jina, tarehe, na neno moja, "karudisha". Jina, tarehe, karudisha. Jina, tarehe... na pengine hakuna neno. Nilikaa jioni nzima nikihesabu. Vitabu 38 vilikuwa vimeazimwa mara 143.

Siku ya arobaini yake watu walikuja na vitabu. Hatukuwa tumetangaza, walikuja tu. Mama mmoja wa makamo alileta Wasifu wa Siti binti Saad aliyoiazima mwaka 1989. Alisema aliwasomea binti zake watatu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyozaliwa, ndiyo maana amechelewa. Dereva wa Fuso inayobeba kabichi alileta nusu ya kitabu cha Willy Gamba, jalada halipo, kurasa za mwisho hazipo. Kimesafiri mpaka Tunduma, akasema, na utingo wake ndiye aliyebaki na mwisho. Akaja mzee mmoja mikono mitupu. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi nilichukua Adili na Nduguze. Mchwa walikila. Lakini kaa nikurudishie." Akaanza. Akanisimulia habari ya Mfalme Rai, na Adili, na wale manyani wawili wanaochapwa kila usiku, mwanzo mpaka mwisho, kwa kituo na sauti za kila mhusika. Nilikuwa nakijua kitabu kile vizuri, na nikagundua kwamba katika masimulizi yake nchi ya Adili ilikuwa na migomba, na ukungu, na baridi ya mwezi wa saba. Alikuwa ameihamishia Usambara, na wala hakujua kama ameihama.

Niambieni, wasomaji wangu, hiyo ni nyota ngapi?

Kuna ule msemo tunaopenda kuutamka kama kwamba ni sifa, eti ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye kitabu. Nimeusikia kwa wageni rasmi, kwa wahadhiri, hata kwa wachapishaji. Kila mara huwa nataka kuuliza: mmehesabu nini? Kama mmehesabu mauzo, sanduku la babu ni vitabu 38. Kama mngehesabu wasomaji ni 143, na hao ni wale aliokumbuka kuwaandika, bila wale mabinti watatu waliosikiliza, bila utingo wa Fuso. Ukienda Goodreads utavikuta vitabu vya Kiswahili, lakini waliovipima ni wachache mno hata ukilinganisha na riwaya ya kawaida tu ya Kiingereza. Mtu wa mbali akitazama pale atasema Kiswahili hakina wasomaji. Wapo, ila usomaji wetu haujaandikwa.

Zamani angalau maktaba zilikuwa zikituandika. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967, mwaka ambao theluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuja kuipunguza hesabu hiyo hadi chini ya asilimia 10 ilipofika 1986. Kitabu cha maktaba kilikuwa na karatasi nyuma yenye mihuri ya tarehe za kurudisha. Mimi huwa naisoma karatasi ile kabla ya kusoma kitabu. Kuna riwaya moja niliyoiazima ambayo mihuri yake imebanana miaka ya sabini na themanini, wino juu ya wino, halafu inaanza kuachana, halafu kimya. Nani aliyeacha kukichukua, na kwa nini? Ukiwa na mihuri unaweza kuuliza swali hilo. Bila mihuri utabaki na msemo wa kumficha Mwafrika.

Kwa hiyo baada ya arobaini ya babu nilichora mstari wa tano kwenye kaunta buku langu: "kimekwenda kwa nani". Ni miaka mitatu sasa. Vitabu 61 vimetoka mkononi mwangu, 19 havijarudi. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa vitabu ni hivyo hivyo. Lakini nimegundua kitu. Kitabu kisichorudi zaidi ya vyote ni Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Nimeinunua mara tatu. Kwenye mstari wa nne nimeipa B, na B yangu naisimamia, nina sababu na kurasa. Ila kwenye mstari wa tano watu watatu ambao hawajuani wameipa alama yao kwa kugoma kuirudisha. Sasa navisoma vyote viwili, mstari wa nne na wa tano. Huu wa nne unaniambia mimi nilifikiri nini. Ule wa tano unaniambia kitabu kilifanya nini kilipotoka nje bila mimi.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Chukua daftari lolote, hata lile la hesabu za dukani. Andika tarehe, jina, ulikokipata. Toa alama ukipenda, lakini ongeza sababu, walau sentensi moja, maana baada ya miaka mitano herufi haitakukumbusha kitu. Usifute alama ya zamani. Usikione kidogo kitabu kwa sababu ni cha safari, wala usikipe A kwa sababu profesa alikisifu. Uliyeacha ukurasa wa 30, andika 30, hakuna mtihani hapa. Usishindane na mtu kwa idadi. Anayesoma vitabu kumi na kuvisimulia kama yule mzee amenipita mimi na 231 zangu. Na zaidi ya yote, chora ule mstari wa tano. Siku moja mtu atalifungua daftari lako, na atataka kujua uliwasomesha akina nani.

Nanyi niandikieni. Nataka jina la kitabu kimoja mlichoazima kwa mtu na hamjakirudisha, na tangu mwaka gani. Sitawataja. Na kama wewe ndiye mwenye nakala yangu ya tatu ya Vuta n'kuvute, usiirudishe kwangu, mpe mwingine, ila nitumie jina lake nilijaze.

Alamsiki.